Msuli si mshipa: muundo wa misuli ya mwili na kazi yake, kwa mfano wa konzo

Katika mazoezi ya tafsiri, mwanafunzi mmoja alituletea karatasi ya mafundisho ya afya aliyoitoa katika Kifaransa na kuitia katika Kiswahili. Karatasi ilihusu ulemavu wa miguu. Katika ukurasa mmoja tu, Kifaransa kilikuwa na maneno manne: muscle, nerf, tendon na veine. Katika tafsiri, yote manne yalikuwa neno moja: mshipa. Mwanafunzi hakufanya hivyo kwa uvivu. Kamusi za zamani zampa haki, kwani humo mshipa waweza kuwa njia ya damu, au uzi wa fahamu, au kamba iungayo nyama na mfupa, au nyama yenyewe, na tena ugonjwa wa ngiri. Nyumbani nako mtu akiumwa mguu husema mshipa umekaza, au mshipa umekufa, na kila asikiaye huitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Swali ni hili: ameelewa nini?

Tunakusudia kueleza hapa jinsi msuli ulivyoundwa na jinsi unavyofanya kazi. Mfano tulioutwaa ni konzo, ugonjwa ambao jina lake lilitoka katika nchi yetu na kuingia katika vitabu vya utabibu vya dunia nzima. Tumeuchagua kwa sababu moja. Katika konzo miguu hugoma, na hali msuli wenyewe ni mzima. Anayetumia neno moja kwa vitu vinne hawezi kuieleza sentensi hiyo, wala hawezi kumsaidia mgonjwa.

Majina kwanza

Katika makala haya tutaita msuli ile nyama yenye uwezo wa kujikaza na kulegea. Kano, ile kamba nyeupe ngumu inayoushika msuli kwenye mfupa. Neva, ule uzi unaochukua habari na amri kati ya ubongo, ugwe wa mgongo na viungo. Mshipa tutauachia damu peke yake. Wako wanaosema mshipa wa fahamu badala ya neva, na si kosa. Lakini katika mazungumzo neno fahamu huanguka njiani, mshipa hubaki peke yake, nasi twarudi pale pale tulipotoka. Neno msuli nalo lina pacha wake, maana huko pwani ya Afrika ya Mashariki msuli ni pia nguo ambayo mwanamume hujifunga kiunoni. Pacha huyo hatusumbui sana sisi wa bara. Liko vilevile neno tafu, zuri na la zamani, kwa minofu ya mkono na mguu. Ila hatujamsikia mtu akisema tafu ya moyo.

Na moyo ni msuli. Wataalamu hutenga aina tatu: misuli ya moyo, ambayo haipumziki tangu kabla ya kuzaliwa, misuli laini, iliyomo katika kuta za tumbo, matumbo, mishipa ya damu na mji wa mimba, ambayo haingoji tuiamuru, na misuli ya mifupa, ambayo hutii hiari yetu. Hiyo ya tatu inapita 600 kwa idadi, na kwa mwanamume mzima aliye na afya huchukua kama asilimia 40 ya uzito wa mwili, kwa mwanamke kidogo chini ya hapo. Ndiyo tutakayoizungumzia.

Ndani ya msuli

Aliyewahi kuchinja mbuzi amekwisha kuona nusu ya somo hili. Paja likichunwa, nyama yake huonekana imevikwa utando mwembamba unaong'aa. Utando huo ukikatwa, nyama hugawanyika katika mafungu, na kila fungu lina utando wake. Nyama ikichemshwa sana, mafungu nayo huachana, mlaji akabaki na nyuzi kati ya meno. Mwishoni mwa msuli tando hizo zote hukutana na kusokotana kuwa kano. Kwa hiyo kano si kitu kilichobandikwa msulini baadaye. Ni mwendelezo wa nguo yake.

Kinachofuata hakionekani kwa jicho tupu. Uzi wa nyama ni seli moja. Upana wake kwa kawaida ni kati ya mikromita 10 na 100, lakini urefu wake waweza kufika sentimita nyingi, jambo lisilo la kawaida kwa seli. Ina viini vingi badala ya kimoja, kwa kuwa iliundwa kwa kuungana kwa seli ndogo nyingi wakati mtoto alipokuwa bado tumboni. Ndani ya seli hiyo mmejaa vinyuzi vyembamba zaidi, mamia hata maelfu, vilivyolala sambamba. Kila kinyuzi kimegawanyika katika vyumba vifupi vilivyopangwa mstari mmoja, kila chumba na urefu wa mikromita kama 2. Chumba hicho huitwa sarkomeri. Katika milimita moja ya kinyuzi kuna sarkomeri kama 500. Katika kinyuzi cha sentimita 10 kuna kama 50,000. Kila moja ikijifupisha kidogo sana, mkono mzima unainuka na kilichomo.

Hujifupishaje? Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ndani ya msuli kuna kitu kinachojikunja kama mpira. Tarehe 22 Mei 1954 jarida la Nature lilichapisha makala mawili yaliyopinga wazo hilo, moja la Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, la pili la Hugh Huxley na Jean Hanson. (Hao Huxley wawili hawakuwa ndugu, ingawa jina lao limewachanganya wanafunzi wengi.) Makundi hayo mawili yalifanya kazi mbali mbali yakafika mahali pamoja: hakuna kinachojikunja. Katika kila sarkomeri kuna nyuzi nene za protini iitwayo miosini na nyuzi nyembamba za protini iitwayo aktini. Msuli ukikaza, nyembamba huteleza kati ya nene, na urefu wa kila uzi hubaki vile vile.

Aliyewaona wavuvi wa ziwa Moero wakivuta wavu atalifahamu jambo hili upesi. Kamba ya wavu haifupiki hata kidogo. Mikono huishika, huivuta, huiachia, na kuishika mbele zaidi; na kwa kuwa mikono ni mingi na haiachii kwa wakati mmoja, kamba hairudi majini. Uzi wa miosini una vichwa vingi vinavyofanya hivyo hivyo juu ya uzi wa aktini. Mvuto mmoja wa kichwa kimoja husogeza uzi kwa nanomita chache tu, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Mvuvi hula ili avute. Chakula cha vichwa hivyo ni kemikali iitwayo adenosini trifosfati, ambayo kwa kifupi huandikwa ATP, nayo hutengenezwa na seli kutokana na sukari na mafuta, kwa msaada wa hewa tunayovuta. Hapa pana jambo ambalo wengi hulisikia kwa mshangao. ATP inahitajika ili kichwa cha miosini kiachie. Bila ATP kichwa kilichoshika hubaki kimeshika. Ndiyo sababu maiti hukakamaa saa chache baada ya kufa: chakula kimekwisha, mikono yote imeng'ang'ania kamba, na hailegei mpaka protini zenyewe zianze kuoza. Kulegea, basi, nako ni kazi yenye gharama. Na msuli uliokufa kweli huanza kwa kuwa mgumu. Tulikumbuke hili tutakapolirudia lile neno la nyumbani, mshipa umekufa.

Amri na utii

Msuli hujua kuvuta tu; kusukuma hauwezi. Mkono ukikunjwa, msuli wa mbele wa juu ya kiwiko umevuta. Ukinyoshwa, umevuta ule wa nyuma. Karibu kila kiungo kina misuli inayopingana namna hii, na mwendo wowote mzuri unadai mmoja ukaze wakati mwenzake analegea kwa kipimo. Mtembeaji hutumia makumi ya jozi hizo bila kuzifikiria. Nani huzipatanisha?

Amri hushuka kwa mikono miwili. Neva ya kwanza huanza katika gamba la ubongo na kuteremka ndani ya ugwe wa mgongo. Hapo hukabidhi habari kwa neva ya pili, ambayo hutoka katika ugwe na kwenda mpaka msulini. Neva ya pili hugawanya ncha zake kwa nyuzi kadhaa za msuli, na nyuzi hizo hukaza pamoja: katika misuli inayogeuza jicho neva moja hutawala nyuzi chache tu, katika misuli mikubwa ya mguu zaidi ya elfu. Ndiyo maana jicho huenda kwa usahihi na paja huenda kwa nguvu. Ncha ya neva haigusi uzi wa msuli. Humwaga kemikali iitwayo asetilikolini katika nafasi nyembamba iliyo kati yao. Uzi huishika, mkondo wa umeme hukimbia juu ya ngozi yake na kuingia ndani. Kalisi iliyofungiwa katika vifuko huachiliwa. Kalisi hiyo hufungua mahali ambapo vichwa vya miosini vitashika, na uvutaji huanza. Kalisi ikirudishwa vifukoni, uvutaji hukoma.

Kwamba neva na msuli ni viwili, na kwamba kimoja chaweza kushindwa huku kingine ni kizima, lilithibitishwa na Mfaransa Claude Bernard katikati ya karne ya 19. Alimtia chura sumu ya kurare, ambayo watu wa Amerika ya Kusini waliipaka mishale yao. Alipoitekenya neva kwa umeme, mguu haukusogea. Alipoutekenya msuli wenyewe, ulikaza. Sumu haikuuharibu msuli, wala kuukata uzi wa neva. Ilikuwa imeziba mahali pa makabidhiano. Jaribio hilo huwezi kulisimulia kwa neno mshipa.

Kuna njia fupi zaidi. Daktari akigonga kano iliyo chini ya goti, mguu huruka. Wajerumani wawili, Erb na Westphal, waliandika habari zake mwaka 1875, kila mmoja peke yake. Kugonga huko huuvuta msuli wa paja kwa ghafula. Vipokezi vilivyomo ndani yake hupeleka habari kwenye ugwe wa mgongo. Ugwe hujibu papo hapo kwa neva ya pili, msuli ukakaza. Ubongo haukuulizwa. Lakini, na hili ndilo la maana, ubongo hautoi amri tu: hutuliza pia. Njia zitokazo juu huzuia jibu hilo la chini lisipite kiasi.

Tuseme kwa mfano wa utawala. Mji mkuu hutuma mjumbe mpaka makao ya wilaya. Wilaya hutuma mjumbe wake mpaka kijijini. Mjumbe wa pili akifa, kijiji hakipati neno lolote, kikalala. Barabara ya kwanza ikikatika, wilaya haikai kimya. Huanza kujiamulia mambo, na kila tukio dogo hulijibu kwa kelele. Msomaji wa nchi hii hahitaji kuelezwa zaidi habari za barabara iliyokatika.

Hali ya kwanza ndiyo polio. Virusi vyake huua seli za neva ya pili ndani ya ugwe wa mgongo. Mguu huwa teketeke, goti likigongwa halijibu, na baada ya majuma kadhaa msuli husinyaa, kwa kuwa msuli usiopata habari za neva yake hudhoofika. Virusi vya asili vya polio vilionekana kwetu mara ya mwisho mwishoni mwa mwaka 2011, ingawa vile vilivyogeuka kutokana na chanjo ya matone vimeendelea kuzusha milipuko mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa. Mguu wa mtoto aliyechomwa sindano mahali pasipofaa katika kitako, neva kubwa ikajeruhiwa, nao hulegea vivyo hivyo. Hali ya pili ndiyo konzo.

Miguu iliyofungwa

Mwaka 1938 daktari Mwitaliano, Giovanni Trolli, aliyetumika katika Kongo ya Wabelgiji, alitangaza habari za ulemavu uliowashika watu wa Kwango. Jina alilolipokea kwa Wayaka ni konzo, nalo hufasiriwa kuwa miguu iliyofungwa. Hatuna budi kusimama kidogo mbele ya neno hilo. Wayaka hawakusema kwamba miguu imekufa, wala kwamba imeisha nguvu. Walisema imefungwa, kama ya mbuzi anayepelekwa sokoni. Uchunguzi wa baadaye haukulipinga neno lao.

Ugonjwa huja ghafula. Mtu aliyekuwa mzima, mara nyingi baada ya siku ya kazi au safari ndefu kwa miguu, huona miguu yake inatetemeka na kukaza. Katika muda wa siku chache ulemavu umekamilika. Hauzidi tena, na haurudi nyuma kabisa. Huishika miguu yote miwili kwa namna moja. Kipimo kilichokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1996 chategemea mambo hayo: mwendo wa kukakamaa pande zote mbili, mwanzo usiozidi juma moja, na goti au kifundo kinachoruka kupita kiasi kikigongwa, pasipo ugonjwa wa uti wa mgongo. Wenye ulemavu mdogo hutembea bila fimbo. Wengine huhitaji fimbo moja au mbili. Walioshikwa sana hawatembei kabisa.

Mtazame mgonjwa anavyokwenda. Visigino havigusi chini, kwa kuwa misuli ya nyuma ya mguu huvuta kano ya kisigino bila kuachia. Magoti hupishana kama makasi, kwa kuwa misuli ya ndani ya mapaja huvuta nayo. Misuli iliyotakiwa kulegea hailegei; mmoja na mpinzani wake wanavuta kamba moja pande mbili. Nyuzi za miosini na aktini ni nzima, kalisi ipo, asetilikolini inamwagwa, neva ya pili inafanya kazi hata kupita kiasi. Kilichoharibika ni neva ya kwanza, ile itokayo ubongoni.

Kilichoiharibu kimetoka chunguni. Muhogo mchungu una kemikali ambazo, mzizi ukisagwa au kutafunwa, hutoa sianidi. Kuloweka siku tatu na kuanika juani huondoa sehemu kubwa, na mabibi zetu walilijua hilo kabla ya maabara yoyote. Ukame, vita au njaa vinapofupisha siku za kuloweka, sumu hubaki katika unga. Katika Bandundu watafiti walieleza kwamba barabara ya lami iliyorahisisha biashara ya muhogo kuelekea Kinshasa ilifuatwa na kuloweka kwa muda mfupi, kwa sababu mnunuzi hangoji. Mwili huigeuza sianidi kuwa kitu kisicho na sumu kali kwa kutumia salfa itokayo katika protini za chakula. Anayekula bukari ya muhogo siku zote bila samaki, nyama wala maharagwe hukosa salfa hiyo. Wanaoshikwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Namna hasa sumu inavyozichagua neva za juu bado inachunguzwa. Uhusiano wake na muhogo usiolowekwa vema haubishaniwi tena. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 walishikwa katika jimbo la Nampula, Msumbiji, ambako ugonjwa huitwa mantakassa. Mwaka 1985 ulionekana wilayani Tarime, Tanzania. Na baada ya vita uliandikiwa habari zake Kivu ya Kusini.

Sasa turudi kwa yule asemaye mshipa umekufa. Neno hilo humpeleka mgonjwa kwa mchanjaji ili damu ichafu itoke, au kwa mkandaji atakayeuamsha msuli kwa nguvu. Msuli huu haukulala. Uko macho kupita kiasi, na ukivutwa kwa ghafula hujibu kwa kukaza zaidi, kama goti lililogongwa. Unaloweza kufanyiwa ni kunyoshwa polepole, kila siku, ili kano isifupike. Na kano ya kisigino ikiwa imekwisha kufupika, daktari wa upasuaji huweza kuirefusha. Neva yenyewe hakuna anayeirudisha. Wako pia wasemao kwamba mgonjwa amelogwa na jirani, na hapo ulemavu wa mmoja huwa ugomvi wa kijiji.

Kinachobaki ni kuzuia. Mbali ya kuloweka vema, iko njia nyepesi iliyobuniwa Australia na mkemia Howard Bradbury: unga wa muhogo huloweshwa kwa maji kidogo, hutandazwa mwembamba juu ya mkeka kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu ikapaa kama hewa, kisha bukari ikasongwa siku ile ile. Katika vijiji vya Popokabaka, jimboni Kwango, akina mama walifundishwa njia hiyo kuanzia mwanzo wa miaka ya 2010, na walioifuata hawakuona wagonjwa wapya.

Karatasi ya yule mwanafunzi ilirudi kwetu baada ya majuma mawili. Neno mshipa lilikuwa limebaki mara moja tu, mahali penye damu. Msuli, neva na kano zilikuwa kila moja mahali pake. Kulikuwa na neno moja lililomshinda: lile la Kifaransa la kueleza msuli unaokaza bila kuamriwa. Alikuwa ameandika ukakamavu, akalifuta, kwa kuwa ukakamavu kwetu ni sifa ya askari. Akaandika mkazo, akalifuta pia. Mwishoni aliliacha neno la Wayaka, konzo, na chini yake akaeleza kwa maneno machache: miguu imefungwa, misuli ni mizima.